Private Dancer ya Tina Turner: viporo vya watu, moto wa kwake

#1 BintiKisauni

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Tangu Tina Turner afariki kule Küsnacht, Uswisi, tarehe 24 Mei 2023, nimesoma nyuzi nyingi juu yake, na karibu zote zinasimulia kisa kile kile: alipigwa na mumewe miaka nenda miaka rudi, akatoroka, akaishi kwa taabu, halafu 1984 ukatokea muujiza akawa nyota upya. Kisa ni cha kweli. Neno "muujiza" ndilo linalonichoma. Ukisema muujiza unafuta jasho la mtu, na albamu ya Private Dancer ni jasho. Mwanamke wa miaka 44 aliingia studio na nyimbo ambazo wenzake walizikataa, au walikwisha kuziimba wakamaliza, akatoka na kitu kipya. Mimi naiita albamu ya viporo, na nasema hivyo kwa heshima zote. Anayejua kupasha wali wa nazi na mbaazi za jana mpaka watu wakaomba waongezewe, huyo ni mpishi kamili.

Niliijua hivi. Mjomba wangu alikuwa baharia, na mapema 1985 alirudi Mombasa na kaseti nne mfukoni mwa koti. Tatu aliwapa rafiki zake. Hiyo ya nne aliisahau kwetu, nami sikumkumbusha. Kasha lilikuwa na ufa pembeni, karatasi ya ndani inanukia dizeli, na jina la Tina limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la albamu. Nilikuwa na miaka 13. Redio kaseti ya mama ilikula betri kama moto ulavyo makuti, kwa hiyo asubuhi tukizianika juani ukutani, jioni tunapata nyimbo mbili tatu kabla sauti haijaanza kuvutika. Ndiyo maana upande A niliujua kwa moyo mwaka mzima kabla ya upande B. Kila nilipofika kwenye wimbo wa tano, wenyewe "Private Dancer", betri zilikuwa zinakata roho. Ni wimbo wa dakika 7 na ushei. Nilikua nikidhani unamalizika kwa sauti nzito ya kuzama, kumbe ni betri.

Sasa turudi nyuma. Jina lake la kuzaliwa ni Anna Mae Bullock, alizaliwa 26 Novemba 1939 Brownsville, akakulia Nutbush, kijiji cha mashamba ya pamba jimbo la Tennessee. Jina la Tina Turner alipewa na Ike Turner, mwanamuziki aliyekuja kuwa huyo mumewe, na wimbo wao wa kwanza kuvuma ulitoka 1960. Julai 1976, mjini Dallas, baada ya kipigo kingine, alitoka hotelini mumewe akiwa amelala, akavuka barabara kuu kwa miguu mpaka hoteli ya ng'ambo, mkononi ana senti 36 na kadi ya mafuta ya gari. Talaka ilipokamilika 1978 aliacha karibu kila kitu akadai jina. Jina tu. Na jina likaja na madeni yake, maana maonyesho yaliyovunjika alipotoroka yalidaiwa kwake.

Alitoa albamu ya Rough 1978 na Love Explosion 1979, zote hazikwenda popote. Akawa anaimba mahotelini na Las Vegas ili alipe watu. Hapo ndipo alipompata meneja kijana kutoka Australia, Roger Davies. Tina alimwambia anachotaka: kujaza viwanja vya mpira kama wafanyavyo Rolling Stones. Mwanamke mweusi aliyepita miaka 40, hana mkataba wa maana, anataka viwanja! Davies hakucheka. Alipunguza mbwembwe za Las Vegas na kumzungushia bendi ya rock.

Kwa nini ikawa London na si Los Angeles? Waingereza walimpenda zamani. Mwaka 1966 alipoimba "River Deep – Mountain High" chini ya mtayarishaji Phil Spector, Marekani wimbo ulifia namba 88. Uingereza ulipanda mpaka namba 3. Nyumbani hawakujua wamweke kapu lipi, ila ng'ambo walisikia sauti tu. Basi mwaka 1982 vijana wawili wa Sheffield, Martyn Ware na Ian Craig Marsh, waliotoka kundi la Human League, walimwita aimbe wimbo mmoja wa The Temptations kwenye mradi wao wa B.E.F. Ware amesimulia mara nyingi kwamba Tina aliingia studio akatazama huku na huku, akauliza bendi iko wapi. Akaonyeshwa mashine. Kinanda na kompyuta, basi.

Mwaka uliofuata ndiyo wakafanya naye "Let's Stay Together", wimbo wa Al Green uliovuma 1972. Ulitoka Novemba 1983, ukafika namba 6 Uingereza. Marekani kampuni yake, Capitol, ilikuwa haijaamua lolote, lakini santuri za kutoka Uingereza zikaanza kununuliwa huko kwa wingi mpaka wakubwa wakashtuka na kutaka albamu, tena haraka.

Davies alikuwa na kama wiki mbili tu. Tina yuko kwenye ziara Uingereza, albamu inatakiwa, na nyimbo hakuna. Akazunguka London anabisha milango ya watunzi kama mtu anayekopa unga. Nitaendelea, ngoja nihudumie watoto.

#2 Fundi_Sauti_AR

Dada, weka maji ya kunywa pembeni maana hatutakuacha. Mimi ni fundi wa studio hapa Arusha. Hizo wiki mbili ndizo zinazonisumbua miaka yote. Mwaka jana nilirekodi mwimbaji mmoja wimbo mmoja, tukakaa siku tisa. Sauti yake ilikuwa nzuri siku ya kwanza. Siku ya nne ilikuwa imechoka, siku ya tisa nikarudi kutumia ile ya siku ya kwanza. Albamu nzima kwa wiki mbili, na bado haina wimbo uliolegea, imewezekanaje?

#3 BintiKisauni

Mkuu Fundi, jibu liko kwenye orodha ya watayarishaji nyuma ya kasha. Hawakuwa mmoja. Terry Britten alishika nyimbo zake, Rupert Hine zake, Martyn Ware na Greg Walsh zao, na Carter, yule mtu wa Capitol aliyemsaini Tina, akashika nyingine. Anayekimbia kutoka jiko hadi jiko ni Tina. Na alikuwa na miaka zaidi ya 20 ya kuimba jukwaani kila usiku, kwa hiyo alipofungua mdomo hakuwa anatafuta wimbo uko wapi. Ware anasema sauti ya "Let's Stay Together" ni ya mara ya kwanza kuimba. Sikiliza mwanzo wake kwa spika za masikioni, kabla dramu hazijaingia. Ni yeye na kinanda tu, na pumzi anayovuta kabla ya mstari wa pili inasikika.

Sasa viporo. Nihesabu nyimbo za kaseti yangu, kumi zote, maana toleo la Marekani lilikuwa na tisa na wao walikosa "Help!".

"What's Love Got to Do with It" waliutunga Terry Britten na Graham Lyle. Cliff Richard alipelekewa, hakuutaka. Bucks Fizz waliurekodi, ukabaki kabatini. Tina mwenyewe aliposikia demo aliuchukia! Aliona ni wimbo mwepesi, hauna mfupa, haumhusu. Britten akamwahidi kwamba wataugeuza uendane naye, na akamzuia asipige kelele kama alivyozoea, auimbe kwa chini. Huo ndio ukali wa ule wimbo, wakuu. Unasikia mtu mwenye uwezo wa kupasua paa anakataa kulipasua.

"Private Dancer" ni wa Mark Knopfler wa Dire Straits. Aliutunga wakati wa albamu yao ya Love over Gold ya 1982, wakarekodi hadi ala, halafu akaona maneno yale hayamfai mwanaume kuyaimba. Akauweka rafuni. Davies alipouomba walikubali, ila mkanda wa zamani haukuweza kutumika kwa mambo ya haki, ikabidi wanabendi wa Dire Straits waingie studio wapige upya bila Knopfler mwenyewe. Saksafoni ni Mel Collins. Gitaa la kati ni Jeff Beck. Huyo Beck alimwomba Tina asaini gitaa lake la rangi ya waridi, na Tina akalichonga jina kwa kisu. Hilo gitaa lipo hadi leo na makovu yake.

"Better Be Good to Me" ulikuwa wa kundi la Spider, 1981. "Steel Claw" ni wa Paul Brady wa Ireland. "1984" ni wa David Bowie, alioutoa 1974. "Help!" mnaujua ni wa nani. "I Can't Stand the Rain" ni wa Ann Peebles, 1973. Ongeza ule wa Al Green. Nane kati ya kumi!

Na hapa kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa. Al Green na Ann Peebles wote walirekodi Memphis, studio moja, chini ya Willie Mitchell. Kutoka Nutbush mpaka Memphis ni safari ya gari ya asubuhi. Yaani vijana wa London walimpa Tina muziki wa mlangoni kwao, umepitishwa kwenye mashine, na yeye akautambua.

#4 Kobe_Mkavu

Naheshimu uzi, lakini mnisamehe, mimi sitaki kusifia tu. Kwanza hii si rock. Ni pop ya vinanda ya miaka ya themanini. Pili, hesabu mwenyewe dada: Davies, Britten, Hine, Ware, Walsh, Carter, Knopfler, Beck. Wanaume wazungu wanane. Alitoka mkononi mwa Ike akaingia mikononi mwao. Tatu, mbona hamsemi kwamba mwaka 1979 alikwenda kuimba Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi? Huku kwetu Tanzania tulikuwa na wapigania uhuru Morogoro na Dar, tunachangia kwa kidogo tulichonacho. Baba yangu hakuruhusu kaseti yake ndani ya nyumba.

#5 BintiKisauni

Kobe, nianze na la tatu maana ndilo zito. Ni kweli alikwenda, na alikosea. Baadaye alikiri kwamba siasa ya kule hakuielewa. Mtu mwenye madeni hupokea kazi asizopaswa kupokea. Hilo linaeleza, halitakasi. Baba yako alikuwa na haki yake, na mimi nisingemwambia vingine.

La pili sikubali. Kwa Ike hakuchagua wimbo, hakushika pesa, hakuweza hata kuumwa akapumzika. Hapa aliajiri meneja, akakataa nyimbo, akabishana. Demo aliyoichukia hakuiimba mpaka ikabadilishwa. Na kuna wimbo mmoja uliotungwa kwa ajili yake hasa, ule wa kwanza kabisa, "I Might Have Been Queen". Jeannette Obstoj, mwanamke, alikaa naye akamsikiliza maisha yake na imani yake ya Kibudha, mambo ya kuzaliwa upya, kisha akaandika maneno. Albamu inaanza na huo. Nafasi ya kwanza ya kaseti hupewa kitu mwimbaji anachotaka watu wamjue nacho.

Na usisahau kampuni karibu imtupe. Uongozi wa Capitol ulibadilika, wakubwa wapya hawakumtaka, Carter na Davies wakapigana abaki. Januari 1983 David Bowie, aliyekuwa anaingia mkataba na kampuni dada ya EMI America, aliwaambia mabosi kwamba usiku ule anakwenda The Ritz, New York, kumwona mwimbaji anayempenda kuliko wote. Wakamfuata. Walipofika wakakuta Tina huyo huyo waliyekuwa naye kwenye makaratasi. Bowie alifungua mlango tu, aliyewashika mabosi pale ukumbini ni Tina.

Kuhusu rock, sikiliza "Steel Claw" halafu urudi.

#6 MzeeWaSanturi

Vijana hamjambo. Nimekuwa nikikusanya santuri tangu 1971 na hii ninayo, chapa ya Uingereza. Niongeze kidogo kwenye viporo, maana binti ameruka kimoja kinachotuhusu sisi waswahili.

Geuzeni kasha mtafute waliotengeneza "Help!". Mtaona Joe Sample na Wilton Felder, wale wa kundi la jazz la The Crusaders, na wa tatu anaitwa Ndugu Chancler. Ndiyo, Ndugu, neno letu. Leon "Ndugu" Chancler, mpiga dramu, ndiye aliyepiga zile dramu za "Billie Jean" ya Michael Jackson. Jina alilichukua enzi za Wamarekani weusi kutafuta majina ya Kiswahili, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Alipiga kwenye albamu ya Herbie Hancock inayoitwa Mwandishi, na bendi ile nzima ilijipa majina yetu: Hancock mwenyewe Mwandishi, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, Buster Williams Mchezaji. Nilipoyaona hayo majina mara ya kwanza kwenye duka la santuri Nairobi nilidhani ni vijana wa Tanga.

Basi Ndugu huyo ndiye mmoja wa waliouchukua wimbo wa Beatles wenye mbio wakaupunguza mwendo hadi ukawa wimbo wa kanisani. Watu weusi wanajua kuomba msaada kwa mwendo gani. Beatles wanauimba kama kijana aliyechelewa basi. Tina anauimba kama mtu aliyekaa kitandani saa tisa usiku.

#7 BintiKisauni

Shikamoo mzee wangu. Jina hilo nimelipita miaka 40 nikidhani ni makosa ya uchapaji. Nimetoa kaseti sasa hivi nikasoma. Ndugu. Limeandikwa hivyo hivyo.

#8 Fundi_Sauti_AR

Mzee umenimaliza. Nimeacha kazi ya mtu mezani nikaenda kuusikiliza.

Na mimi niseme kitu cha kiufundi kuhusu "What's Love". Ukiuchambua, ala zake ni chache sana. Mdundo unatembea taratibu, kuna gitaa dogo linalokatakata, kinanda laini, na katikati kuna kile kipande kinachosikika kama harmonika, ambacho kimepigwa kwa kinanda na Nick Glennie-Smith. Nafasi iliyobaki yote ni ya sauti. Leo mteja akija kwangu ananiambia "jaza, jaza, mbona pako wazi". Nitaanza kuwachezea huu wimbo kabla ya kuanza kazi. Pale palipo wazi ndipo mwimbaji anapokaa.

Swali: mapokezi yalikuwaje kwa namba? Nasikia watu wanataja mamilioni kila mtu na yake.

#9 BintiKisauni

Albamu ilitoka mwishoni mwa Mei 1984. Marekani ilifika namba 3, Uingereza namba 2. Kinachonishangaza zaidi ni uvumilivu wake: Marekani ilikaa ndani ya kumi bora wiki 39 mfululizo, na kwenye chati kwa jumla zaidi ya miaka miwili. Mwaka huo huo kuna Prince na Purple Rain, Bruce Springsteen na Born in the U.S.A., Michael Jackson bado hajashuka jukwaani. Mauzo ya dunia nzima yanapita milioni 10, zaidi ya hapo kila kitabu kina lake.

"What's Love" ulipanda namba 1 Marekani tarehe 1 Septemba 1984, ukakaa wiki tatu. Ni wimbo pekee wa Tina uliowahi kufika namba 1 kule, na wakati huo hapakuwa na mwanamke anayeimba peke yake wa umri wake aliyewahi kufika hapo. Miaka 24 tangu wimbo wake wa kwanza kuvuma!

Halafu Grammy, 26 Februari 1985, Los Angeles. Alipanda jukwaani ana mafua makali, akaimba. Wimbo ukachukua rekodi ya mwaka na sauti bora ya kike ya pop, na Britten na Lyle wakapata wimbo bora wa mwaka. Na Kobe, hii ni yako: "Better Be Good to Me" ukampa tuzo ya sauti bora ya kike ya ROCK. Usiku mmoja, pop na rock, mtu mmoja. Albamu bora ya mwaka alikosa, ilikwenda kwa Lionel Richie.

Januari 1988 akasimama Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watu zaidi ya 180,000. Uwanja wa mpira. Alichomwambia Davies.

#10 Kobe_Mkavu

Nimesikiliza "Steel Claw". Mara mbili. Kwenye rock nimekubali, tena bila shingo upande. Anaimba kama anakimbizana na gitaa la Beck na gitaa ndilo linalohema. Afrika Kusini bado inaniuma, naona na wewe inakuuma, tuiache hapo.

#11 MamaNasra_Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma toka huku Oman, mimi mzaliwa wa Unguja. Binti Kisauni umenirudisha mbali.

Sisi hatukuanza na kaseti, tulianza na picha. Kaka yangu alipata kanda ya video iliyorekodiwa nyimbo kutoka televisheni ya nje, ikawa inazunguka nyumba hadi nyumba mpaka ikachakaa. Tina alikuwa ndani yake, anatembea barabarani New York, koti la jinzi, sketi fupi ya ngozi, viatu virefu, nywele zimesimama kama manyoya ya ndege aliyekasirika. Anatembea tu. Anapita katikati ya watu wanaogombana, anawatazama, anaendelea zake.

Mama yangu mdogo alikaa kwenye mkeka anakuna nazi. Akauliza huyu ana umri gani. Kaka akamwambia arubaini na ushei. Mbuzi ikanyamaza. Mama mdogo alikuwa na arubaini na moja, mume alikuwa kamwacha mwaka ule na watoto watano, na watu wote pale mtaani, sisi tukiwemo, tulishaanza kumwita bibi. Hakusema neno. Akaomba kanda irudishwe nyuma, akaangalia tena. Mara ya tatu akamwambia kaka aongeze sauti.

Sketi ile asingeivaa, na wala si sketi aliyokuwa akiitazama. Mwaka uliofuata alifungua biashara yake ya kushona mapazia, akaiendesha hadi alipofariki. Sisemi ni kwa ajili ya wimbo, mtu hafungui duka kwa wimbo. Lakini jina la kibibi alilikataa kuanzia jioni ile, na nilikuwepo.

#12 BintiKisauni

Mama Nasra, nimesoma ujumbe wako nikasimama nikatembea ukumbini kidogo. Mungu amrehemu.

Ndicho nilichokuwa nakitafuta nilipoanza huu uzi na sikuwa na mfano. Wazungu wameandika sana kwamba albamu hii ilimrudisha Tina kwa vijana, kwa sababu ya vinanda na video. Ilifanya hivyo. Lakini huku kwetu walioishika ni mama zetu. Sauti yake haikuwa ya msichana anayesubiri kupendwa. Alipouliza mapenzi yanahusika nini, aliuliza kama mtu aliyelipa bili yote.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Private Dancer kwenye hazina ya rekodi za taifa mwaka 2020. Na mwaka 2025, kwa kuadhimisha miaka 40, likatoka toleo jipya lenye wimbo uliokuwa umepotea, "Hot for You, Baby", uliorekodiwa Capitol kule Hollywood ukaachwa nje. Nimeusikiliza. Ni mzuri, una makelele ya kutosha, na naelewa kwa nini uliachwa. Anaimba kwa nguvu zake zote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama zamani. Albamu yenyewe ilikuwa imeshajifunza kitu kingine.

#13 Fundi_Sauti_AR

Dada, hiyo kaseti ya mjomba bado inapiga?

#14 BintiKisauni

Inapiga. Mjomba alikuja kuiona mwaka 1991, akaitambua kwa ule ufa, akaniambia nibaki nayo. Mkanda umevutika mahali pamoja, mwishoni mwa upande A, pale nilipokuwa nikiusokota kwa kalamu ya biki ulipokwama. Kwa hiyo saksafoni ya Mel Collins kwangu inayumba kidogo, kwa sekunde mbili hivi, kisha inakaa sawa. Nikiusikia "Private Dancer" kwenye simu, umenyooka wote, huwa nasubiri ule myumbo haufiki.

Mzee wa Santuri, ukipata nafasi tupigie picha ya nyuma ya kasha lako, pale penye jina la Ndugu. Langu limefifia.